Mama Yako Alivyoteuliwa, na Nilivyotaka Kumsaidia

Ilomba, Mbeya
Jumapili jioni

Mwanangu Tusekile,

Mabegi yako yako sebuleni yamefungwa, na mama yako bado anayazungukia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Habari za blanketi, chandarua na kuchemsha maji ya kunywa ameshakwambia, na kesho kituoni atakwambia tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Kasulu sijafika. Najua tu kwamba basi litapita Sumbawanga na Mpanda, kwamba utashuka umechoka, na kwamba watakuwepo watu wa kukuita "mheshimiwa" kabla hata hujanawa uso.

Ninaandika kwa sababu ya jambo la jana. Kwenye maombi ya kukuaga, baba yako mdogo Ambokile alisimama na glasi yake ya soda akasema, "Mama mtu kastaafu, mtoto anaanza! Leo hakimu wa mahakama ya mwanzo, lakini huyu naye tutamfikisha Rufani!" Watu wakapiga makofi, shangazi zako wakapiga vigelegele, na wewe ukainamisha uso ukatabasamu.

Sikulaumu. Ila lile tabasamu nililitambua. Nililibeba mimi mwenyewe usoni karibu mwaka mzima, wakati mama yako akiwa jaji wa Mahakama Kuu kule Iringa na mimi nikiwa katika shughuli ya kumfikisha.

Kisa cha mchele unakijua. Kila Krismasi wajomba zako wa Iringa wananitania nacho, nami nacheka nao. Lakini kinachochekwa ni mwanzo wake tu. Huko mbele hakuna anayekufikia, kwa sababu tuliokuwepo ni mimi na mama yako. Leo nataka ukijue chote.

Ulikuwa darasa la tano. Wewe na bibi yako mlikuwa hapa Ilomba, mama yako alikuwa Iringa kwenye nyumba ya serikali, nami nilikuwa Ubaruku na mashine yangu ya kukoboa mpunga. Tulikuwa tunakutana mwisho wa wiki kama wachumba. Msimu mmoja wa mavuno akaja mashineni wakili mmoja wa hapa mjini, aliyekuwa amekodi mashamba ya mpunga kule. Akanishika mkono akaushikilia.

"Shemeji, hongera."

"Ya nini tena?"

"Usijifanye hujui. Kuna majaji wa Rufani wanastaafu. Nafasi ziko wazi, na jina la mama linatajwa."

"Linatajwa na nani?"

"Aah, shemeji. Linatajwa tu."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na sijawahi kukutana na huyo mtu anayetaja majina. Lakini siku ile nilimwamini kabisa. Mashine inaunguruma, vumbi la pumba limenijaa kwenye nyusi, nami moyoni nimeshavaa suti niko Ikulu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Iringa. Nikamuuliza mama yako kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. "Hivi, mama Tuse, jaji wa Rufani anapatikanaje? Mnaomba?"

Alicheka. "Hakuna kuomba. Jaji wa Mahakama Kuu, Rais anamteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Wa Rufani, anamteua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Basi."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

"Hakuna usaili? Hakuna mahali unakwenda kujieleza?"

"Baba Tuse, najieleza kila siku. Kila hukumu ninayoandika ni kujieleza. Anayetaka kunijua atazisoma."

Jibu hilo halikunitosha. Mimi ni mtu wa biashara. Katika biashara, mchele mzuri ukikaa ghalani bila mtu wa kuusema, unaoza pale pale. Nikawaza: Rais ana nchi nzima ya kuangalia, na Jaji Mkuu ana majaji wengi wazuri. Nani atamwonyesha huyu wangu aliyejifungia Iringa na mafaili yake? Sikuwaza uovu wowote, Tuse. Niliwaza kama mume.

Nikaenda kumwona mzee mmoja mkubwa wa siasa. Simtaji jina, ameshatangulia mbele za haki. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. "Umefanya jambo la maana kuja," akasema. "Mambo haya yanataka mtu wa kusemea. Huko juu watamjuaje? Niachie mimi, nitalisemea." Nilikuwa nimebeba magunia ya mchele kwenye gari, ule wa Ubaruku wenyewe, kwa kuwa kwetu hakuna kwenda kwa mkubwa mikono mitupu. Vijana wake wakashusha. Nikarudi naimba.

Hapo ndipo wajomba zako wanapochekea, kwa sababu wanasema nilikwenda kununua cheo cha mke kwa mchele. Sasa sikia kilichofuata.

Yule mzee alimpigia mama yako simu. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kumshukuru kwa mchele na kumwambia "atulie, mambo yanakwenda." Wiki ile nilipofika Iringa nilimkuta mama yako nyuma ya nyumba anamenya viazi. Hakuinua uso.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kihehe chake, nikitaka kumchekesha.

"Kaa hapo."

Nikakaa kwenye kigoda. Akamenya kiazi kizima kimya, akakitupia kwenye maji.

"Ulikwenda kwa nani, baba Tuse?"

Nikamweleza. Nikajitetea pia. Nikasema kila mtu anafanya hivyo, nikasema wenzake hawalali, nikasema nilifanya kwa mapenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza watu mahakamani, bila kunikatiza. Nilitamani anikatize.

"Sasa niambie," akasema. "Nikiteuliwa mwaka huu, nitajuaje kama nimeteuliwa kwa kazi yangu au kwa mchele wako?"

Nikaokota ganda la kiazi lililoangukia mguuni pangu.

"Na nisipoteuliwa, nitajuaje kama sikufaa, au kuna aliyesikia kwamba mume wangu anapita kwenye nyumba za watu? Hukunipa cheo, baba Tuse, wala hukuninyima. Umeninyima kujua."

Halafu akalia. Unamjua mama yako, hata kwenye msiba wa baba yake alisimama kama mti. Siku ile alilia na kisu mkononi, kwa sababu ya jambo nililodhani ni zawadi. Nilitaka kumgusa bega nikaona mkono wangu mzito.

Asubuhi yake aliendesha gari mwenyewe hadi kwa yule mzee. Sikwenda naye, hakuniruhusu. Alimwambia kwa heshima zote kwamba anamshukuru, na kwamba anaomba asimsemee popote, kwa wema wala kwa ubaya. Mzee alishangaa sana. Akamuuliza, "Sasa binti yangu, bila kusemewa utafika wapi?" Mama yako akamjibu, "Nitakuwa pale pale nilipo, mzee. Napapenda." Aliponisimulia maneno hayo nilifikiri ni ya kujikaza. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba ni kweli alipapenda.

Uteuzi ulitangazwa kwenye taarifa ya habari ya usiku. Majina yakasomwa, la mama yako halikuwemo. Lilikuwemo la Vumilia, rafiki yake tangu wakiwa shule ya wasichana, jaji mwenzake. Nilikuwa Ubaruku, nikazima redio kama iliyonitukana. Nikampigia mama yako nikiwa tayari na maneno ya kumpoza. Simu ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Ilipopatikana, sauti yake ilikuwa imekauka kwa vigelegele alivyompigia Vumilia.

Kwenye sherehe ya shukrani kule Iringa, baada ya ibada, mama yako alicheza mpaka viatu vikamtoka. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na spika, sili wala sinywi, nimenuna kama niliyedhulumiwa. Vumilia akaja mwenyewe kunisalimia. Akasema, "Shemeji, najua ulitamani awe yeye. Hata mimi ningefurahi." Akakaa nami kidogo, ingawa wageni wote walikuwa wanamwita. Niliona haya, Tuse. Si ya mchele tena, hayo nilikuwa nayo tayari. Niliona haya kwamba kulikuwa na furaha kubwa mahali pale, ya watu ninaowapenda, nami nikawa nimejitoa nje yake kwa mikono yangu.

Miaka ikapita. Yule mzee akaacha siasa, kisha akafariki. Yule wakili aliyeniambia "linatajwa" akahamia Dodoma. Mama yako akaendelea Iringa, halafu wakamhamishia Songea, halafu hapa Mbeya. Mimi nikajifunza kuuliza habari za kazi yake bila kuuliza habari za cheo. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika. Nilimuuliza, "Leo umesikiliza nini?" naye akaanza kunisimulia vile inavyoruhusiwa kusimulia, mambo yaliyokwisha, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeoa mtu mwenye akili tamu nami nilikuwa nimeshughulika na jina lake tu. Ile miaka, mwanangu, ndiyo ninayoihesabu kuwa ndoa yetu hasa.

Ulikuwa kidato cha nne siku ilipotokea. Nilikuwa mashineni, mavuno yamechachamaa, wanawake wamepanga mstari na magunia. Simu ikaita nikaipuuza. Ikaita tena. Mwisho akaja mama mmoja muuza chai, ananyoosha simu yake mbele ya uso wangu, kwenye kioo kuna taarifa ya Ikulu iliyokuwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. "Huyu si mama Tuse?" Nikasoma jina. Nikazima mashine. Watu wakageuka wote, maana mashine haizimwi msimu ule. Nikasema kwa sauti, "Mke wangu ameteuliwa jaji wa Rufani."

Nilipompata alikuwa ofisini kwake. Alikuwa amepigiwa muda mfupi kabla, akaambiwa ajiandae kwa kiapo.

"Mama Tuse," nikamwambia, "safari hii sikwenda popote."

Alicheka, akacheka mpaka nikasikia karani wake naye anacheka. "Najua," akasema. "Ndiyo maana nimefurahi."

Kiapo ulikiona kwenye televisheni. Mimi nilikuwa mle ndani. Rais alisimama, mama yako akashika Biblia, akaapa kulinda Katiba na kutenda haki bila woga wala upendeleo. Nilikuwa nimekaa nyuma nikitazama mgongo wake. Na hapo, ndani ya suti ile niliyoishona moyoni miaka mingi, likanijia swali ambalo sikuwa nimeliwaza nilipokuwa nambebea mchele: huyu aliyemteua ana serikali, na serikali ina kesi, na kesi zitakwenda kwa huyu aliyeteuliwa. Itakuwaje?

Nilimuuliza tukiwa njiani kurudi. Hakunijibu kama mwanasheria. Alisema, "Katiba imempa Rais mkono wa kunikalisha kwenye kiti. Mkono wa kuniinua haikumpa hivi hivi, mpaka tume ya majaji ikae ichunguze, ione kweli nimekosa. Kwa hiyo nikisema naogopa, ninayemwogopa nimemtengeneza mwenyewe."

"Na shukrani je? Mtu akikupa kitu si unamshukuru?"

"Namshukuru. Shukrani yangu ni kufanya alichoniapisha nifanye."

Wapo wanaosema utaratibu huu si mzuri, kwamba mtu mmoja asiwe na kalamu ya kuteua majaji wa mahakama ya juu kabisa, kwamba bunge lihoji, au nafasi zitangazwe watu waombe kama ulivyoomba wewe ukaitwa kwenye usaili. Utayasikia hayo kwa wenzako, na mengine yana uzito. Mama yako mwenyewe, sasa kwa kuwa amestaafu, huwa anakubali baadhi na kukataa mengine, nami huwa namchokoza ili nimsikie. Mimi si mtu wa kukuamulia. Ninachojua ni kile nilichokiona nyumbani. Mlango wowote utakaowekwa, uwe wa Rais, wa bunge au wa usaili, atakuwepo mtu nje yake na gari lenye magunia, anayedhani anasaidia. Mara nyingi atakuwa ni mtu anayekupenda. Mgeni utamkataa kwa urahisi. Anayekula ugali na wewe ndiye kazi.

Nilimwona akiziamua hizo kesi za serikali. Jopo la majaji watatu lilikuja kwenye kikao hapa Mbeya, na katika shauri moja hukumu aliyoiandika yeye ikaipa ushindi familia moja ya wakulima dhidi ya ofisi ya serikali. Siku ile niliogopa kimya kimya. Usiku niliamka kwa kila gari lililopita. Asubuhi nikamkuta anapalilia maharage nyuma ya nyumba, kaniagiza nimletee jembe lingine maana mpini wa lile umelegea. Hakuna kilichotokea. Wiki mbili baadaye aliihukumia serikali ushindi kwenye shauri lingine, na majirani walewale waliomsifu wakasema amenunuliwa. Akapalilia vilevile.

Sasa nikueleze la mwisho, ambalo hujalisikia kwa sababu mama yako hapendi kulisimulia.

Mwezi uliopita, ulipokuwa umekwenda kuchukua vyeti vyako, tulikwenda Iringa kumwona mjomba wako. Tukapita sokoni. Mama yako anachagua nyanya kama kawaida yake, mojamoja, anazigeuza kama ushahidi. Akaja mzee mmoja, koti la zamani, fimbo mkononi, akasimama karibu nasi akimtazama sana. Nikasogea. Ujue, mtu aliyehukumu kwa miaka ile hana uhakika wa nani anamsogelea.

"Wewe ndiye jaji," mzee akasema.

"Nilikuwa, baba. Nimestaafu."

"Mimi ni yule wa shamba la kule mlimani. Nilishindwa Mahakama Kuu, nikakata rufaa, mkakaa watatu, wewe uko katikati. Mkanikatalia."

Mama yako akaweka nyanya chini. "Pole, baba."

"Shamba lilikwenda," mzee akasema. "Niliuza ng'ombe nikaanza kwingine. Nilikuchukia. Lakini mwanangu alinisomea ile hukumu neno kwa neno. Kila nilichosema mlikiandika. Hata kile cha wembamba wa njia ambacho wakili wangu alinikataza nisikiseme, ulikiandika. Ukasema umekisikia, na kwa nini hakinisaidii. Mimi nimezungumza na watu wengi maishani, mama. Sijui wangapi walinisikia."

Akabadilisha fimbo kwenda mkono wa kushoto, akatoa wa kulia.

"Kamwene, mama," akasema.

"Kamwene, baba," mama yako akajibu, wakashikana mikono pale katikati ya soko, watu wanapita na matenga yao.

Tuliondoka mchana. Hadi tukaipita Mafinga sikumsemesha, nilishajifunza. Karibu na Makambako akaanza kuimba wimbo wa kwaya yao ya usichana, kwanza kwa midomo tu, halafu kwa sauti, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Tulipotoka Ikulu baada ya kiapo hakuimba. Vumilia alipoteuliwa aliimba, lakini kwa furaha ya mwenzake. Hii ilikuwa yake peke yake.

Hakuna mtu aliyemsemea kwa yule mzee wa sokoni, Tuse. Hakuna aliyempendekeza wala aliyemteua.

Wakija kukwambia jina lako linatajwa, wakaribishe chai, wanywe, waende. Mimi nakutakia siku ya kurudi nyumbani unaimba vile, hata kama nitakuwa simo ndani ya gari.

Kesho kituoni nitajifanya nashughulika na mizigo. Usinigeuze kunitazama uso. Ndaga, asante, mwanangu, kwa kutufurahisha kama jina lako lilivyosema.

Baba yako